Shaila na Vitwitwi wa Mida

Daktari hakuzungusha maneno. Alimkalisha Parin kando ya kitanda, akamwambia mapafu ya Shaila yamechoka na hayatastahimili tena baridi nyingi za namna hii. Ilikuwa Februari ya mwaka 2004. Theluji ilikuwa imeifunika Toronto, na tangu miti ipukutishe majani, Shaila alikuwa ameshalazwa mara tatu kwa nimonia.

"Mna ndugu mahali penye joto?" daktari aliuliza.

Parin alimtazama binti yake aliyelala mdomo wazi, mpira wa oksijeni puani, vidole vyake vifupi vimeshika ukingo wa shuka. Shaila alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikuwa amezaliwa na hali ile ambayo madaktari huiita Down: macho ya kupanda kidogo, ulimi mzito, moyo wenye hitilafu, na akili inayojifunza kwa mwendo wake yenyewe. Mombasa, alikozaliwa, waliwahi kumwambia Parin mtoto huyu hatafika miaka kumi.

"Ndugu ninao," Parin akajibu. "Nina kaka Mombasa."

Jioni ile alimpigia simu Nizar, mdogo wake, na Nizar hakumwacha amalize. Alikuwa na nyumba ndogo Mida, kaskazini ya Mombasa, pale hori la maji ya chumvi linapokutana na bahari wazi. Aliijenga kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili, lakini duka la vipuri halikumpa Jumamosi wala Jumapili.

"Nyumba inaliwa na chumvi bure, dada. Njooni Desemba, mkae mpaka huko kwenu kuwe na joto. Karisa yupo, ndiye anayeitunza. Hata kupika anajua."

Basi Desemba ikafika wakaondoka. Parin alikuwa ameshastaafu kiwanda cha mapazia kule Downsview alikoshona tangu yeye na mumewe, Bahadur, walipohamia Kanada mwaka 1974 na watoto wawili, Shaila akiwa na miaka saba na Naeem akiwa bado ananyonya. Bahadur alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Naeem alikuwa mhasibu, ana mke na nyumba Unionville. Waliobaki katika lile ghorofa la kupanga la Flemingdon Park, lililosimama ukingoni mwa bonde la Don, walikuwa wawili tu, mama na binti yake.

Wawili hao walizungumza Kiswahili. Shaila alijifunza kusema mgongoni kwa yaya wake, Kadzo, mwanamke wa Kigiriama aliyemlea Mombasa kwa nyimbo na maneno bila kukoma, hata watu walipomwambia anajisumbua bure, mtoto haelewi. Walipofika Toronto, mwalimu aliwashauri wazazi wachague lugha moja, na iwe Kiingereza. Naeem alilelewa kwa Kiingereza, hata leo Kiswahili anakielewa lakini hakizungumzi. Shaila alikataa. Alifunga mdomo mwaka mzima wa shule, akaja kuufungua nyumbani kwa maneno ya Kadzo. Parin akaona afadhali amfuate huko huko aliko.

Ndani ya ndege Shaila hakukubali kuvua koti. Alimsalimu kila aliyepita kwenye ujia. "Jambo. Mimi Shaila. Naenda kwa mjomba." Wengine walitabasamu, wengine wakajifanya wanatafuta viti vyao. Parin alikuwa ameshazoea wa aina zote mbili.

Asubuhi ya kwanza Mida, Parin aliamka akakuta kitanda cha pili kitupu. Alitoka mbio, ushungi mkononi, akamkuta Shaila ameketi kwenye ngazi za baraza, koti bado mwilini. Maji yalikuwa yamekupwa. Matope ya hori yalitandaa hadi kwenye mikoko, na juu yake ndege hawana idadi: yangeyange weupe, sululu wenye midomo iliyopinda, na huku mchangani, pale mawimbi madogo yalipokuwa yakifika na kurudi, kundi la vitwitwi. Wimbi likija, wanakimbia kwa vijiguu vyao vyembamba kuja juu. Likirudi, wanalifuata wakidonoadonoa.

"Ma," Shaila akasema bila kugeuka. "Wanaogopa kulowa."

Akacheka. Hakuwa mtu wa kutulia, mwanawe yule. Maisha yake yote alikuwa akitikisa mguu, akivuta nyuzi za mazulia, akifungua na kufunga milango ya makabati. Asubuhi ile alikaa hadi jua likapanda na Karisa akaja na chai na mahamri, na hakutikisa hata kidole. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Parin hakuwahi kuiona. Akakaa kando yake kwenye ngazi, akimtazama.

Karisa alikuwa mtu wa maneno machache, ana kicheko cha kikohozi. Alimwazima Shaila darubini kuukuu aliyoachiwa na mgeni mmoja wa Nizar, akamvisha shingoni. "Mama Shaila, huyu ataniletea kazi," akasema. "Kesho atataka kujua majina."

Kweli alitaka, lakini akayapenda zaidi majina ya kwake. Furukombe aliyekaa juu ya mti mkavu akawa Mukhi, kwa sababu alikaa mbele peke yake kama mkuu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Na siku moja sululu mmoja alipita taratibu matopeni, ameinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza funguo.

"Huyo Papa," Shaila akasema.

Parin alitazama. Alikuwa Bahadur mtupu, vile alivyokuwa akirudi kutoka kituo cha basi jioni za Flemingdon. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, na Shaila akamfuta kwa mkono wa koti.

Aprili waliporudi Toronto, Shaila alikuwa hajakohoa hata mara moja.

Ikawa desturi. Kila Desemba wakaondoka, kila Aprili wakarudi. Wanawake wa jamatkhana waliwatania: Wazungu wazee wanakwenda Florida, nyinyi ndege wa kukimbia theluji mnakwenda kwenu. Naeem aliwapeleka uwanjani na kuwapokea, akiwabebea mizigo na kulalamika kwa Kiingereza juu ya uzito wake. Alikuwa mtoto mwema, Naeem. Ila kila mwaka, wakifika kwenye foleni ya pasipoti, alimvuta mama yake pembeni.

"Ma, fikiria ile nyumba ya kulelea watu kama Shaila. Kuna orodha ya kusubiri. Wewe si kijana tena. Ukiondoka wewe, je?"

"Nikiondoka, nitaondoka," Parin alijibu. "Leo tunakwenda Mida."

Lakini neno lile lilikuwa likimla. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wake Parin ulikuwa na kitu ndani yake ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata Bahadur. Kila alfajiri, baada ya dua, alipokuwa bado ameketi chini macho yamefumba, aliomba jambo moja: Mola, mtangulize yeye. Hata kwa siku moja. Nisimwache mwanangu mikononi mwa watu wasiojua maneno yake. Kisha alijionea haya, akajifuta uso kwa viganja, akaenda kumwamsha mtu yule yule aliyekuwa akimwombea kifo, akamsugua mgongo, akampa uji.

Siku moja mlangoni mwa jamatkhana, mama mwenzake mwenye mtoto wa kiume wa hali kama ile alimshika kiwiko. "Wewe unaomba nini, Parin?"

Parin akajibu: "Unachoomba wewe."

Wakatazamana, wakaachana. Hawakuzungumza tena habari ile.

Toronto nako Shaila hakuwaacha ndege. Kutoka kwenye roshani yao, juu kabisa ghorofani, alitazama vipanga wakielea juu ya bonde la Don. Mwezi wa Mei walipanda basi, kisha basi jingine, hadi ufukoni mwa ziwa, upande wa mashariki wa mji. Huko, mwaka wa tatu wa safari zao, waliwakuta: kundi la vitwitwi weupe, wakikimbizana na mawimbi ya ziwa.

"Wamekuja, Ma! Wametufuata!"

Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na darubini ya miguu mitatu aliwageukia kwa upole, akaeleza kwamba ndege hao wametoka Amerika ya Kusini na wanakwenda kutaga kwenye barafu ya kaskazini. Shaila alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akamwambia kwa Kiswahili. "Hawa wa Mida."

Mzee alimtazama Parin. Parin akainua mabega. Mzee akacheka, akamwachia Shaila darubini yake achungulie, na Shaila akachungulia kwa muda mrefu, mdomo wazi, akisema majina.

Hiyo ndiyo miaka Parin aliyoiita baadaye miaka ya raha. Hakujua wakati ule kwamba ina mwisho wa karibu. Alidhani mwisho utakuwa wake yeye.

Mambo yalianza kwa vitu vidogo. Mwaka 2011 Shaila alishuka kwa lifti kwenda kuchukua barua, kazi aliyoifanya tangu ujana, na jirani akamrudisha akilia. Alikuwa amesahau wanakaa ghorofa ya ngapi. Kisha akaanza kuvaa viatu kinyume. Kisha, Mida, aliishika darubini nyuma mbele, akaitazama bahari, akasema ndege wamekimbia wote.

"Igeuze, mama," Parin akamwambia.

Shaila aliigeuza, akaigeuza tena, akaiweka chini kwenye ngazi, hakuigusa tena siku ile.

Waliporudi, Parin alimpeleka hospitali akidhani ni masikio, au macho, au tezi. Daktari, safari hii kijana, aliuliza maswali mengi akiandika. Halafu akaeleza. Watu wenye Down wengi wao huzeeka mapema, ubongo ukiwemo. Ule ugonjwa wa kusahau wa wazee huwapata wakiwa na miaka arobaini na kitu. Hakuna dawa ya kuurudisha nyuma.

"Miaka yote hii," Parin akasema, "mbona hakuna aliyeniambia?"

Kijana alisugua shingo yake. "Zamani, mama, hawakuwa wakiishi muda wa kutosha tukajua."

Naeem alikuja kutoka Unionville kila Jumapili. Alinyoa ndevu chache za kidevuni mwa dada yake, alimkata kucha, alimlisha wali wa dengu kijiko kwa kijiko. Shaila alimwita kwa majina mbalimbali na yeye akayaitikia yote. Desemba ya 2013, Parin alipotoa mabegi, Naeem alisimama mlangoni mwa chumba.

"Ma, hatajua yuko wapi."

"Mimi nitajua."

"Usiende kwa ajili yako ukasema ni kwa ajili yake," Naeem akasema kwa Kiingereza chake, taratibu, na mara ile ile akaona ameumiza, akaja kumkumbatia. Parin alimwacha amkumbatie. Lakini hakurudisha mabegi.

Safari ilikuwa ndefu kuliko zote. Ndani ya ndege Shaila hakumsalimu mtu. Alilia kwa woga taa zilipozimwa, na mwanamke wa kiti cha mbele akaomba ahamishwe. Mida, Karisa alikuwa amefagia uwanja na kuweka kiti chenye mito barazani. Aliposogea kumpa mkono, Shaila alijificha nyuma ya mama yake.

"Amenisahau," Karisa akasema.

"Anasahau wote, Karisa. Si wewe peke yako."

"Basi tutajuana upya," akajibu, akaenda zake jikoni, na Parin akamsikia akikaa kule muda mrefu bila kugusa sufuria.

Asubuhi maji yalikupwa kama kawaida. Parin alimkalisha Shaila kwenye mito, akamvika darubini shingoni, akangoja. Ndege wakashuka mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Parin alimtazama mwanawe usoni. Hakikuja kitu. Macho yalipita juu ya matope na mchanga kama yanavyopita juu ya ukuta. Kisha mtumbwi ukakata kona ya mikoko, vitwitwi wakaruka wote kwa pamoja, mamia, wakageuka hewani wakang'aa, na Shaila akapiga yowe. Alifunika kichwa kwa mikono, akapiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Parin na Karisa walimbeba ndani. Kuanzia siku ile madirisha ya upande wa hori yalifungwa.

Jioni moja alikuwa akimchana nywele kitandani. Shaila alishika mkono wenye kitana.

"Ma yuko wapi?"

"Mimi hapa, mwanangu."

Shaila alimgeukia, akamchunguza uso mzima, kutoka paji hadi kidevu. "Hapana," akasema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Wewe Kadzo."

Parin alikaa na kitana hewani. Kadzo alikuwa amekufa zamani. Habari zake ziliwafikia Toronto kabla Bahadur hajafa. Alifikiri kukana, akaona ile sura ya upole inaanza kukunjamana kwa woga, akakata shauri.

"Ndiyo," akasema. "Mimi Kadzo."

"Ma ameenda?"

"Ameenda sokoni."

"Atarudi?"

"Atarudi."

"Ataniacha?"

Parin aliendelea kuchana. "Mama yako hawezi kukuacha. Namjua mimi. Lala."

Shaila akalala. Tangu usiku ule hadi mwisho, Parin hakuitwa tena Ma. Alikuwa Kadzo, na aliitika, na alipoulizwa mama yuko wapi alisema sokoni, na kila alipolisema lilimkata upya, kwa maana hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba mama mwenyewe ndiye huyu, amechoka, anataka kuitwa jina lake. Walirudi Toronto kabla Januari haijaisha. Nizar, aliyewapeleka uwanja wa ndege, hakusema "tutaonana Desemba."

Shaila alifariki Machi ya mwaka uliofuata, 2015, hospitalini, kwa nimonia, na theluji chafu ya mwisho wa majira ikiyeyuka kwenye maegesho chini ya dirisha. Parin alikuwa amemshika mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa na mirija. Naeem alikuwa upande wa pili. Hapakuwa na kelele. Pumzi ilikwenda, wakaingoja, haikurudi.

Watu wa jamatkhana walikuja kwa wingi. Walisema amepumzika. Walisema alikuwa malaika. Mmoja alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba Mungu alimhurumia Parin, kwani angekufa yeye kwanza ingekuwaje? Parin alimshukuru, akaenda kujifungia bafuni.

Wageni walipotawanyika, Naeem alimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki.

"Niliomba hivi," akamwambia. "Kila siku, miaka arobaini na minane. Niliomba atangulie."

Naeem alielewa kila neno. Parin aliliona hilo usoni mwake. Naeem alifungua bomba, akaanza kuosha vikombe ambavyo wanawake walikuwa wameshaviosha, kimoja baada ya kingine, mabega yakimtikisika, na mama yake akachukua kitambaa akawa anavikausha.

Desemba ile hakwenda popote. Desemba iliyofuata, Nizar alipiga simu mara nyingi hadi Parin akashindwa kukataa. "Njoo, dada. Ulikuwa unapenda kule. Njoo utazame ndege wako, moyo utapoa."

Akaenda. Karisa alimpokea, mvi zimemwingia, akamshika mikono yote miwili na kusema, "Mama Shaila, pole," na hakulibadilisha lile jina. Asubuhi alimwekea kiti barazani, na chai, na mahamri. Maji yalikupwa. Ndege wakashuka.

Parin alitazama. Aliona weupe na wa kijivu, wakubwa na wadogo. Alitafuta sululu akaona midomo mirefu mingi asijue upi ni upi. Alijaribu vitwitwi. Palikuwa na vindege vingi vidogo mchangani, na vyote kwake vilikuwa vindege vidogo tu. Miaka yote ile aliyokaa kwenye ngazi zile, akidhani naye anatazama ndege kama watu wengine, hakuwahi kuwatazama. Alikuwa akimtazama Shaila. Alijua ndege wameshuka kwa vile nyusi za Shaila zilivyoinuka. Alijua wimbi limewafukuza kwa kile kicheko. Sasa uso ule haukuwepo, na bahari nzima pamoja na vilivyomo haikuwa na mtu wa kumsomea.

Karisa alikuja kuchukua kikombe, akakikuta kimejaa, kimepoa.

"Mama Shaila, nikubadilishie?"

"Huyu ndege gani, Karisa? Yule wa mbele."

Karisa akafinya macho. "Yangeyange, mama. Yule mweupe? Yangeyange. Unamjua."

"Simjui," Parin akasema. "Simjui hata mmoja."

Karisa alisimama na kikombe mkononi. Kisha akaketi kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake, na wakakaa hivyo wote wawili hadi maji yalipoanza kujaa na ndege wakahamia mikokoni.

Hakumaliza wiki mbili. Alimwambia Nizar anashukuru, na kwamba chumba kile sasa awape wengine. Nizar alitaka kubishana, akamwona macho, akampeleka uwanjani.

Toronto ilimpokea kwa upepo wa kukata masikio. Naeem alikuwa anamngoja nje ya mlango wa wasafiri, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Hakuuliza kwa nini mapema hivi. Alitia begi nyuma ya gari, akawasha joto, akangoja barafu ya kioo iyeyuke.

"Nikupeleke nyumbani, Ma?" akauliza. Alimaanisha Flemingdon.

Parin alitazama watu wakivuta mabegi yao gizani, mvuke ukiwatoka midomoni.

"Twende kwako," akasema.

Naeem akaitikia kwa kichwa, akaingiza gia, wakashika barabara ya kaskazini, ya Unionville.